Farasi akikengeuka au akikimbilia kiunzi: tafuta kosa kwenye kona

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijavuka mikaratusi iliyo nyuma ya mabanda, tunapiga reki mchanga wa mbele na wa nyuma ya kiunzi cha katikati. Mpanda wa kwanza anaruka, anamsimamisha farasi, kisha tunakwenda wote kwa miguu kusoma alama za kwato. Mpanda anaapa kwamba alikuja vizuri na farasi "aliharibu" palepale kwenye kiunzi. Alama zinasema vingine: zilianza kuuacha mstari mapema, hatua tano au sita nyuma, mara tu farasi alipotoka kwenye kona.

Nafundisha kuruka hapa Lubumbashi, kwenye kilabu chenye farasi wachache wanaopandwa na watu wengi. Farasi mmoja akiumia mgongo, watoto wanne wanabaki nje ya uzio wakitazama. Ndiyo maana inaniuma kuona kosa lililozaliwa kwenye kona likitibiwa kwa lijamu kali, kwa fimbo, au kwa kupandisha kiunzi "ili akiheshimu". Mara nyingi kiunzi ni mahali kosa linapoonekana tu, lilikwishatokea zamani. Nimeyapanga mambo kwa dalili, jinsi watu wanavyoniletea malalamiko yao, na kila dalili nimeiwekea sababu zake na namna ya kuzitenganisha.

Kwanza maneno. Nasema troti (mwendo wa kati, wa mapigo mawili) na galo (mbio za taratibu), kama tusemavyo kilabuni. Hatua ni mzunguko mmoja mzima wa galo: mapigo matatu ya kwato, halafu kitambo kidogo farasi yuko hewani. Kwa farasi mkubwa hatua hiyo ni karibu mita 3.6, poni ana karibu mita 3. Mdundo ni usawa wa hatua hizo, moja ifanane na nyingine, na wala si kasi. Unyoofu maana yake miguu ya nyuma inafuata njia ya miguu ya mbele, kwenye mstari na kwenye kona vilevile. Wajerumani, katika mpangilio wao wa mafunzo wenye ngazi sita, wameweka mdundo ngazi ya kwanza na unyoofu ngazi ya tano. Mimi nakubaliana nao kuhusu kipi kitangulie, lakini kwenye kuruka sijawahi kufanikiwa kutibu kimoja peke yake. Farasi aliyepinda husukuma zaidi kwa mguu mmoja wa nyuma kuliko mwingine, na mapigo yake hayawezi kuwa sawa. Farasi anayekimbia naye hujipinda ili aukwepe mkono.

Kabla ya kumlaumu yeyote

Uliza swali moja: kosa hili limeanza lini? Farasi aliyeruka katikati kwa miezi mingi, halafu wiki hii ghafla anakwenda kulia, hajasahau mafunzo. Ana kitu kinachomuuma, au kuna kitu kimebadilika kwenye vifaa au ardhini.

Pitisha vidole kwa nguvu kidogo pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni, na utazame masikio na ngozi. Mtembeze kwenye ardhi ngumu, kisha mpe troti akiwa ameshikwa kwa kamba huku mtu mwingine akitazama kichwa: kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, anachechemea kwa mguu huo, na siku ya kuruka imekwisha. Angalia tarehe ya fundi wa kwato. Zikipita wiki nane ncha ya ukwato imerefuka na farasi anachelewa kuukunja mguu. Meno pia, hasa kama anakataa kupinda upande mmoja tu. Na farasi aliyetoka kuugua homa ya kupe arudi polepole, maana anaweza kuonekana mzima akitembea na bado asiwe na nguvu ya kushika mdundo hata raundi moja.

Upande wa vifaa, kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni mikanda ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Sisi sote tunapanda kwa kushoto, uzito wote wa mtu unaning'inia kwenye mkanda huo, na ngozi inavutika. Vua mikanda yote miwili, ining'inize kwenye msumari mmoja, uilinganishe. Nimewahi kukuta tofauti ya tundu zima. Mtoto alikuwa ameambiwa miezi kadhaa kwamba "anakaa upande". Badilisheni mikanda kila mwezi, wa kushoto uende kulia, na mtumie kigogo au ngazi ya kupandia.

Ardhi ya kwetu ina sura mbili, na zote mbili zinavunja mdundo. Kuanzia mwezi wa tano udongo mwekundu unakauka kama tofali. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka unateleza. Mchanga wa uwanja nao hausimami mahali pamoja. Pale farasi wanapotua unasukumwa pembeni kila siku, na hatimaye panabaki tabaka jembamba juu ya udongo mgumu. Mwaka mmoja, mwezi wa nane, nilitumia wiki tatu nikimsahihisha jike mmoja mwenye umri kwa kukimbilia viunzi na kutua huku akijirusha kulia. Nilibadilisha mazoezi, nikabadilisha mpanda, nikafikiria hata kubadilisha lijamu. Siku moja mzee anayetunza farasi wetu alichomeka kijiti pale anapotua, kikagonga udongo baada ya sentimita tatu. Tulirudisha mchanga, tukaumwagia maji jioni, na kesho yake jike akaruka katikati, taratibu. Wiki tatu alikuwa akiniambia kwamba miguu yake inauma, nami sikumsikia. Tangu siku hiyo kijiti kile kipo kwenye ndoo ya vifaa, na hakuna anayeruka kabla hakijatumika.

Dalili: anakengeuka daima upande mmoja

Hili ndilo lalamiko la kila wiki. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliniambia hivi karibuni, "Yaya, huyu farasi ananikokota kushoto kila saa." Yule mzee, aliyekuwa ameegemea uzio, alimjibu kabla yangu: "Apana mama, ni weye unamupeleka. Angalia mukono yako ya kuume." Alikuwa ameliona. Mtoto, akihisi farasi anakwenda kushoto, alikuwa akivuta hatamu ya kulia. Hatamu ile iliipinda shingo kulia, na shingo ikipinda kulia bega la kushoto linafunguka kama mlango usio na komeo. Farasi anatokea huko huko. Kadiri mtoto alivyovuta ndivyo farasi alivyozidi kwenda kushoto, huku macho yakitazama kulia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kukengeuka kushoto ni kufunga mlango wa kushoto: mguu wa kushoto uguse ubavu, hatamu ya kushoto ilale karibu na shingo bila kuvuka juu yake, na mkono wa kulia ulegee kiasi cha kuiruhusu shingo inyooke. Mtu asiyezoea huliona jambo hili limegeuzwa. Lijaribuni kwanza kwa kutembea, kati ya fito mbili zilizolazwa chini, hadi mwili ulielewe.

Lakini si kila kukengeuka kunatoka mkononi. Nazitenganisha sababu hivi.

Ruka kiunzi kilekile kutoka upande wa pili wa uwanja. Kama mwanzo alikwenda kushoto na sasa anakwenda kulia, yaani daima kuelekea lango au mabanda, anavutwa na nyumbani. Hilo si tatizo la mwili wake. Weka kiunzi mahali pengine, na baada ya kutua usiende kamwe moja kwa moja kuelekea lango.

Mbadilishe mpanda. Kukengeuka kukitoweka, tafuta kwa mpanda wa kwanza. Mtazame kutoka nyuma, si kutoka ubavuni: je, kisigino kimoja kiko chini kuliko kingine? Je, bega moja limeshuka? Farasi hujaribu kukaa chini ya uzito, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anavyoifuata ikiinama. Mpanda akiegemea kikuku cha kushoto wakati wa kuruka, farasi anakwenda kushoto kwa wema wake mwenyewe, ili asimwangushe.

Kukibaki hata kwa mpanda mzuri, jaribu kwa troti. Farasi anayeruka katikati kwa troti na kukengeuka kwa galo pengine anaruka kuelekea upande wa mguu anaoupenda kutua nao. Farasi wana upande wao, kama watu wa mkono wa kulia na wa kushoto. Mguu wa nyuma wenye nguvu zaidi husukuma mwili kuuvusha upande wa pili. Huyu anahitaji kazi ya chini, bila viunzi, wiki nyingi.

Na kama anakengeuka tu pale anapofika karibu mno na kiunzi, anatafuta nafasi ya kukunja miguu ya mbele. Kwa kwenda mshazari anajiongezea sentimita chache. Huyo tatizo lake ni mdundo. Nenda kwenye dalili ya tatu.

Kazi ya chini ninayoiamini kuliko zote ni rahisi na inachosha: acheni kupanda ukutani. Farasi anayezunguka uwanja akiugusa uzio anaegemea uzio huo, na mpanda anadhani ana farasi aliyenyooka. Pandeni njia ya ndani, mita mbili au tatu kutoka kwenye uzio, kwa kutembea, troti, kisha galo. Siku ya kwanza kila mtu anaelea kama mtumbwi. Mwangalizi asimame mwisho wa mstari na kusema tu "kushoto" au "kulia" anapoona miguu ya nyuma ikitoka nje ya njia ya miguu ya mbele. Duara za mita 20 pande zote mbili, zilizohesabiwa, kwa sababu mpanda akiachwa huru atafanya tano upande mzuri na mbili upande mbaya.

Kwenye kiunzi chenyewe, weka msalaba mdogo, yaani fito mbili zilizokingamana, sentimita 40 katikati. Umbo lake humwonyesha farasi mahali pa kupita. Laza fito mbili mbele yake kama ujia, upana wa mita moja na nusu, na nyingine mbili upande wa kutua, zianze angalau mita tatu baada ya kiunzi ili asizikanyage anaposhuka. Farasi akizoea, fito za mbele ziondoke kwanza. Ujia ukiwa wa kudumu utakuwa uzio mwingine wa kuegemea.

Mpanda apewe kitu cha kutazama. Tukiruka kuelekea upande mmoja wa uwanja tuna bahati ya kuona bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines juu ya miti, na namwambia mtoto bomba libaki katikati ya masikio mawili tangu kona hadi baada ya kutua. Upande wa pili tumefunga kitambaa cheupe kwenye nguzo. Mtu anayetazama ufito anaufikia ufito na kuishia hapo. Mwili wake unaanguka mbele na farasi anapoteza mstari wakati wa kutua.

Dalili: anakimbilia kiunzi

Watu husema kwa fahari, "huyu anapenda kuruka." Wapo wanaopenda kweli, masikio mbele, mgongo laini. Wengi ninaowaona wakikimbia wanaogopa. Wanataka jambo liishe upesi, kama mtoto anayekimbia kupita mahali pa giza.

Sababu ninazozikuta, kuanzia ya kawaida zaidi: mpanda anayemvuta mdomo anaporuka, hivyo farasi anakimbia kabla maumivu hayajamfikia, mpanda anayeinamisha kifua mapema, akimtupia uzito mabegani hatua mbili kabla, mgongo unaouma, na mafunzo yaliyokwenda haraka, viunzi vikubwa kwa farasi ambaye hakuwa tayari. Wanaotoka kwenye mbio wana jambo lao jingine: wamejifunza kwamba mkono ukikaza waegemee na kusonga mbele. Kumvuta huyo ni kumwomba akimbie.

Kutenganisha: mpe galo kwenye uwanja wenye viunzi, kati ya viunzi, bila kuruka chochote. Akibaki mtulivu hadi pale unapomwelekeza kwenye kiunzi, hofu yake iko kwenye kuruka. Akikimbia hata bila kuelekezwa, hajapata galo bado, na hana haja na kiunzi kwa sasa.

Upimaji wa galo tunaufanya hivi. Laza fito mbili kando ya uwanja, mita 36 kati yao, ili upite pembeni yake bila kuvuka. Hesabu hatua kwa sauti. Kumi ni sawa na hatua za mita 3.6. Pita mara nne. Nikipata kumi, kumi, kumi na moja, kumi, nafurahi. Nikipata kumi na moja, kumi, tisa, nane, farasi anajirefusha kila mara na mpanda hajui. Kwa kulinganisha, mashindano mengi ya kuruka hupimwa kwa mwendo wa mita 350 kwa dakika, sawa na hatua 97 za mita 3.6, zaidi kidogo ya tatu kwa sekunde mbili. Watoto wetu hawahitaji kasi hiyo juu ya viunzi vya sentimita 60. Wanahitaji kila mzunguko uwe na hesabu ileile.

Dawa ya mwenye hofu ni troti na fito. Fito tatu chini, mita 1.3 kutoka moja hadi nyingine, halafu mita 2.5 hadi msalaba mdogo. Fito zinamlazimisha atazame miguu yake, na mtu anayetazama miguu yake hawezi kukimbia. Baada ya kutua, mstari ulionyooka, kisha troti, kisha kutembea kabla ya kona. Simwelekezi ukutani ili asimame, kwa sababu hapo ukuta ndio unaosimamisha. Anajifunza kuogopa kutua pia. Akikaza mwendo akiwa njiani kuelekea fito, mgeuze duara mapema, ukiwa bado mbali. Ukimgeuza hatua mbili kabla ya kiunzi unamfundisha kukwepa, na wiki ijayo utaniletea lalamiko hilo.

Mpanda amvishe farasi kamba shingoni, mkanda wowote wa zamani wa kikuku, na aushike wakati wa kuruka. Mdomo ubaki huru. Federico Caprilli, afisa wa wapanda farasi wa Italia aliyefariki 1907, aliwabadilisha wanajeshi kwa wazo hili hili: kabla yake waliegemea nyuma juu ya kiunzi na kuning'inia kwenye hatamu, yeye aliwataka waende mbele pamoja na farasi, wamwachie shingo na mgongo. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado naona mikono iliyokwama kwenye mwinuko wa mabega huku farasi akitafuta shingo yake.

Ongezeni subira kuliko mnavyodhani inatosha. Farasi mwoga anaweza kutulia Jumamosi moja na kurudi kulekule ifuatayo. Hilo halimaanishi zoezi limeshindwa.

Dalili: galo nzuri, kisha hatua tatu za mwisho zinaharibika

Farasi anakuja vizuri, halafu ama anaongeza kahatua kafupi chini ya kiunzi ama anaruka kutoka mbali na kuangusha ufito kwa nyuma. Hapa karibu kila mara nambana mpanda. Ameanza "kutafuta umbali": anaona kiunzi kinakaribia, hajui atafika wapi, kwa hiyo anafanya kitu chochote. Anavuta, au anapiga mguu. Hatua iliyokuwa mita 3.6 inakuwa 3.2, kisha 4, na farasi hawezi tena kupima. Macho yake yanajua kupima vizuri sana akipewa hatua zinazofanana.

Namwambia mpanda ahesabu kwa sauti kubwa, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mapigo ya galo, tangu kabla ya kona. Wote walio nje wanasikia mahali sauti inapopotea. Hapo ndipo alipoacha kupanda na kuanza kusubiri. Wengine hunyamaza kwa sababu wameacha kupumua, na mtu aliyezuia pumzi anakaza nyonga, na nyonga zilizokaza humwambia farasi asimame.

Zoezi: fito mbili chini kwenye mstari ulionyooka, mita 18. Mpite kwa galo mara kadhaa na kuhesabu tu. Hatua nne kwa farasi mkubwa anayekwenda mbele. Mkizipata bila kugombana, tafuteni tano kwa kufupisha, kisha rudini nne. Ufupishaji utoke kwenye mwili wa mpanda ulioinuka, na ufanyike mapema, hatua ya kwanza na ya pili, ili mbili za mwisho ziwe shwari. Farasi akipinda anapofupishwa, mmerudi kwenye unyoofu: nyonga zimetoka nje ya mstari ili kukwepa kubeba. Mguu wa upande huo uzirudishe, kwa upole. Tunafanya zoezi hili mara nyingi kuliko kuruka. Linaweza kufanywa hata na farasi mzee, halimchoshi mtu miguu, na ndilo lililobadilisha wapanda wangu kuliko lolote jingine.

Dalili: kiunzi cha kwanza kizuri, cha pili vurugu

Toa utepe wa kupimia kabla ya kumpa mtu ushauri. Kwa galo, kati ya viunzi viwili vyenye hatua moja ndani yake panahitaji mita 7.2 hadi 7.5, kwa viunzi vidogo 7 inatosha. Kwa hatua mbili, karibu 10.5 hadi 10.8. Ukiingia kwa troti, hatua moja inahitaji mita 5.5 tu. Hesabu yake rahisi: mita 1.8 za kutua, mita 1.8 za kuondoka, na katikati hatua za mita 3.6. Asiye na utepe ajizoeze kupiga hatua za sentimita 90. Nne ni hatua moja ya farasi.

Umbali sahihi kwa farasi mmoja ni mtego kwa poni aliye nyuma yake. Mchanga wenye maji hufupisha hatua, ardhi ngumu pia, na mteremko huirefusha. Kama farasi watatu tofauti wanaharibu mahali pamoja, sogeza kiunzi.

Dalili: anakimbia kando ya kiunzi

Shusha kiunzi hadi kimo anachoweza kuvuka kwa kutembea. Akitorokea kushoto, mrudishe kwa kumgeuza kulia, ili njia aliyoichagua isimpe alichotaka, kisha rudi kwa troti na mlango wa kushoto umefungwa kama nilivyosema. Ufito mmoja uegemezwe juu ya nguzo ya kushoto, mwisho wake mwingine ardhini, upande wa farasi anayekuja. Usiadhibu. Akikimbia kando mara ya pili, rudi kwenye ukaguzi wa mwili.

Kuna kukimbia kando kwa asubuhi tu. Mwezi wa sita na wa saba jua likiwa chini, vivuli vya miti vinalala juu ya uwanja kama fito kumi zaidi, na farasi anayeangalia jua haoni vizuri kilicho kwenye kivuli. Subiri nusu saa, au geuza mstari.

Dalili: anatua, kisha anaanguka kwenye kona

Miguu ya mbele na ya nyuma haikubaliani, au anapiga kona kama pikipiki, bega ndani. Mpanda ameacha kazi hewani. Atue akiwa bado anatazama mbele, ahesabu hatua nne zilizonyooka, ndipo afikirie kona. Kama mguu wa galo, ule wa mbele unaoongoza, si sahihi, rudi troti, nyoosha, anza upya. Mabadiliko ya hewani, yaani kubadilisha mguu huo bila kushuka troti, yatakuja baadaye. Farasi asiyetaka kabisa kutua kwa mguu mmoja achunguzwe: mguu wa mbele unaogusa ardhi kwanza hubeba mzigo wote peke yake kwa kitambo, na huenda anauficha.

Kiasi cha kazi

Tunaruka siku mbili kwa wiki, na kati yake kuna angalau siku moja ya fito tu au ya kutembea nje, barabarani chini ya miembe, hatamu zikiwa ndefu. Somo moja halizidi miruko ishirini kwa farasi, msalaba mdogo ukihesabiwa. Farasi akiwa na watoto wawili siku hiyo, wanagawana ishirini hizo. Kila mmoja hapati ishirini zake. Naandika kwenye daftari la bandani: jina la farasi, idadi, upande aliokengeuka, hatua alizopata kwenye mita 36. Baada ya mwezi mmoja ukurasa unaonyesha mambo ambayo siku moja haionyeshi.

Akivuka katikati mara tatu mfululizo, kwa hesabu ileile, mpanda ashuke palepale uwanjani, alegeze mkanda wa tumbo, na amtembeze hadi bandani kwa miguu.